Mstari Uliolala kwenye Kadi ya Mtoto

Kwenye kadi ile ya kliniki niliweza kusoma kitu kimoja tu, jina, na lilikuwa jina langu mwenyewe. Binti yangu alimzaa msichana mwenye kadi hiyo kabla ya kuolewa, na mimi ndiye nyanya yake, kwa hivyo alipewa jina langu kama desturi yetu. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa shule nikalee ndugu zangu, lakini jina langu ninalijua popote nikiliona limeandikwa. Majina kwa jumla mimi siyasahau. Wale wote tuliochimba nao mitaro ninaweza kuwataja mmoja mmoja, na watoto wao, na hata ng'ombe wao kama ng'ombe alikuwa na sifa. Hapa sitataja hata jina moja, kwa sababu wengine wako hai na hawapendi maneno.

Hayo mengine kwenye kadi yalinishinda. Kulikuwa na namba zimesimama upande mmoja, namba zingine zimelala chini, na vijisanduku vidogo vidogo vimejaa kama waya wa dirisha. Katikati kulikuwa na mistari miwili minene. Ilianza chini kushoto, ikaenda juu kwa haraka, halafu ikaendelea polepole mpaka mwisho wa karatasi. Kati ya hiyo mistari mtu alikuwa ameweka nukta kwa kalamu ya bluu na kuziunganisha.

Binti yangu alikuwa anashona nguo katika kiwanda kimoja kule Athi River, katika ile miaka ya tisini. Hawakumruhusu kukaa na mtoto zaidi. Alimleta kwangu huku Kalama akiwa na miezi minane, amemwachisha ziwa, akanipa mtoto kwa mkono mmoja na kadi kwa mwingine.

"Mama, hii kadi usiipoteze," akaniambia. "Kila mwezi unampeleka kliniki wanaangalia laini yake."

"Wanaangalia nini kwa laini?"

"Kama inaenda vizuri. Wewe mpeleke tu, watakwambia."

Akaondoka. Mimi nikakaa kwenye kigoda nikaitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kwa sababu ilikuwa na jina langu na nilitaka kujua inasema nini juu yangu.

Sasa ni lazima nieleze mambo ya mitaro, la sivyo mtu atafikiri nilikuwa mjinga tu.

Shamba letu liko kwenye mteremko. Kalama yote ni mteremko. Nilipoolewa hapo, mvua ikinyesha ungeona udongo mwekundu unakwenda zake mtoni na mbegu ndani yake. Tukaungana wanawake katika mwethya, yaani leo tunachimba kwangu, kesho kwako, tunaimba, tunakula isyo, mahindi na maharagwe, pamoja. Bwana shamba ndiye aliyetufundisha kupima. Vijiti viwili, kamba katikati, na juu ya kamba kile kichupa cha pimamaji chenye povu ndani. Povu likikaa katikati, kamba imelala sawa, basi unachimba hapo, udongo unatupa upande wa juu. Povu likikimbia upande mmoja, unasogeza kijiti. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kamba. Miaka kumi na nne niliishika, kwa sababu walisema jicho langu halidanganyi. Mpaka bwana shamba mwenyewe alikuwa akinionyesha karatasi zake za kuchora. Mlima unachorwa hivi, unapinda kwenda juu, na mtaro unachorwa kama mstari uliolala, unaukata mlima. Mstari ukilala, shamba limepona. Mstari ukifuata mlima kwenda juu, hapo udongo unakimbia.

Kwa hivyo nilipoitazama kadi ya mjukuu wangu kwa makini, niliona mlima. Mlima wenyewe haukunipa shida, ilikuwa ile mistari miwili minene, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Shida ilikuwa nukta za binti yangu. Miezi yote minane zilifuata mlima kwenda juu, hazikukata hata mahali pamoja. Nikasema moyoni, huko kiwandani wanashona tu, nani angemwonyesha.

Niliona nimekabidhiwa kazi ya kurekebisha.

Kliniki ilikuwa katika dispensari iliyo juu ya kanisa, mwendo wa saa moja na mtoto mgongoni. Sista, yaani muuguzi wa hapo, alikuwa mgeni, msichana mrefu, sauti ya chini, ametoka mahali ambapo alisema ni tambarare kabisa, unaona ng'ombe wa mtu tangu atoke kwake mpaka afike kwako. Kikamba hakujua. Tulizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake.

Alimvalisha mjukuu wangu ile suruali ya kitambaa yenye kamba, akamtundika kwenye mzani unaoning'inia, akatazama mshale, akaweka nukta.

"Nyanya," akasema, "mtoto yuko pale pale."

"Ndiyo, sista, pale pale," nikasema, na nilifurahi.

Akanitazama kidogo. "Hii si vizuri sana. Mpe chakula."

"Ninampa."

Na nilikuwa ninampa. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kwenye mlango na watoto wanalia. Akanirudishia kadi. Njiani nikaifungua. Nukta yangu ilikuwa imelala sawa na ile ya mwisho ya binti yangu, unaweza kuweka kamba na povu likae katikati. Lakini lile neno lake, si vizuri sana, lilinikaa. Nilifikiri pengine anasema juu ya ile miezi ya nyuma.

Mwezi wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Nukta ililala. Safari hii sista aliichora duara kwa kalamu nyekundu, akasema, "Lishe, nyanya. Lishe," na kunionyesha picha iliyokuwa ukutani.

Picha hiyo bado ninaiona mpaka leo nikifunga macho. Ilikuwa duara kubwa limekatwa vipande vitatu kama keki, na kila kipande kimejazwa chakula. Kulikuwa na samaki mkubwa kuliko ng'ombe. Yai lilikuwa sawa na mbuzi. Chungwa lilikuwa limekaa karibu na gunia la mahindi na lilikuwa kubwa kulishinda. Katikati ya vyote alisimama mama mmoja amevaa viatu vya juu, anacheka. Nilijaribu kuielewa. Je, wanasema samaki ndio muhimu kuliko ng'ombe? Au mtu achague kipande kimoja, kila nyumba kipande chake? Samaki nilikuwa nimekula mara mbili maishani. Nilifikiri hiyo picha imetoka kwao sista, na kwamba anaiweka ukutani kwa sababu anakumbuka nyumbani.

Lakini lile duara jekundu lilinisumbua. Nikamwonyesha jirani yangu.

Jirani huyu ni mwanamke mdogo aliyeolewa boma la pili kutoka kwetu. Aliniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu ya rika langu na mama mkwe wake, na alikuwa na mdomo. Mtoto wake wa kiume alizaliwa wiki moja na mjukuu wangu. Yeye pia alikuwa mtu wa mwethya, mbebaji wa vijiti.

"Mwaitu, hii nyekundu ni nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyefika darasa la tano."

Akaishika kadi mbali na uso kama watu wanavyoshika barua ya serikali. "Si unakumbuka bwana shamba alikuwa anafunga kitambaa chekundu kwenye shamba wageni watakaloonyeshwa?"

"Nakumbuka. Alifunga kwangu mara tatu."

"Basi." Akatoa kadi yake, akaziweka pamoja juu ya jiwe la kusagia. Ya mtoto wake nukta zilikuwa zinafuata mlima kwenda juu, mwezi kwa mwezi. Akasema, "Wangu anakimbia na udongo wote."

"Usijali, bado ni mdogo."

"Wewe unasema tu kwa sababu wako amelala sawa. Unampa nini?"

"Uji."

"Uji tu?"

"Uji mwepesi. Na simsumbui."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili, ng'ombe alikuwa amekauka, na uji ulikuwa unga wa mahindi na maji, na maji ndiyo mengi. Nililea watoto wanane kwa uji huo. Sikukumbuka kwamba hao wanane walikuwa pia na ziwa langu mpaka mwaka wa pili na zaidi, na huyu hakuwa na ziwa la mtu. Hata kukumbuka sikukumbuka. Na mtoto alikuwa mtulivu ajabu. Ukimweka kwenye mkeka asubuhi, unamkuta hapo hapo mchana. Hakulilia kitu. Wageni walisema, huyu amelelewa na mtu mzima, na mimi nilikubali sifa.

Mwezi wa tatu tulikwenda pamoja, jirani na mimi. Tulipofika mbele, mtoto wake alitundikwa kwanza, akapiga mateke mpaka mzani wote ukatikisika. Sista akacheka, akaweka nukta, akasema, "Vizuri sana, mama. Vizuri kabisa."

Jirani yangu hakucheka. Akasema, "Sista, samahani. Ninataka kuuliza. Nifanye nini laini ya mtoto wangu ilale kama ya huyu?"

Sista akauliza, "Ilale?"

"Ilale kama ya mwaitu. Ameniambia uji mwepesi. Nimeanza juzi."

Ile kalamu sista aliiweka chini polepole. Alianza kama mtu atakayecheka, meno yakaonekana, halafu uso ukabadilika kabisa. Akachukua kadi yangu. Akatundika mjukuu wangu. Yeye hakupiga mateke. Alining'inia tu kwenye ile suruali, akitutazama, mmoja halafu mwingine.

Nukta ilikwenda mahali pale pale. Na kwa sababu mlima uliendelea kwenda juu na sisi tulikuwa tumelala, nukta hiyo sasa ilikuwa imetoka chini ya mstari mnene wa chini. Hapo ndipo niliposhtuka mara ya kwanza, kwa sababu mimi sikujua mtaro unaweza kuwa chini ya ardhi.

"Nyanya, keti," sista akasema. Aliwaambia watu wa foleni wangoje. Wakalalamika, akawaambia tena. Akaweka kadi juu ya meza mbele yangu. "Wewe nionyeshe. Hapa unaona nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwonyesha. Huu ni mlima. Huku ni bondeni. Hapa binti yangu alikuwa hajui. Hapa nimepokea mimi, nimelaza. Nilimweleza kamba, na kichupa, na povu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye shavu.

"Hapana mlima, nyanya," akasema. "Hapana kabisa."

"Kama hapana mlima, huu ni nini?"

"Hii ni barabara ya watoto wenye afya. Wote wanaenda juu. Laini ya wako imesimama. Miezi mitatu haongezi kitu. Anakaa na njaa."

Neno njaa nililisikia. Lakini karatasi haikubadilika. Niliitazama na bado niliona mlima, na nukta zangu bado zilionekana kazi nzuri. Nikamwambia, "Sista, siwezi kuona unavyoona. Si ubishi."

"Na mimi siwezi kuuona huo mlima," akasema.

Kuna mama mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Kama mnachora shamba, mtuambie tuende tukachukue jembe!" Watu wakacheka. Sista hakucheka. Aliinuka akachukua mtoto wa jirani akaniwekea mkono wa kushoto, akachukua mjukuu wangu akaniwekea mkono wa kulia.

Mkono wa kushoto ulishuka mpaka ukagusa goti. Wa kulia ulibaki juu kama sijapewa kitu.

Walikuwa wamezaliwa wiki moja. Nilijua saa aliyozaliwa kila mmoja. Nikamtazama mwenye jina langu, nikaona kwamba mashavu yake hayapo, na sijui yaliondoka lini nikiwa ninatazama karatasi. Jirani yangu alikuwa ameshika kinywa kwa mkono, akasema kwa Kikamba, taratibu, kwamba yeye alianza juzi tu, juzi tu. Hakuna aliyekuwa amemlaumu.

Sista akachukua penseli. Kutoka kwa kila nukta ya kadi yangu akashusha mstari uliosimama wima mpaka chini kabisa ya karatasi. Nukta moja, kijiti kimoja. "Hiki ni mtoto mwezi huu," akasema. "Hiki ni mtoto mwezi uliofuata. Mtazame amesimama. Usitazame nukta, tazama kijiti chote kutoka chini."

Vijiti vya miezi ya binti yangu vilikuwa vinarefuka, kimoja kinampita mwenzake. Halafu vyangu, vimesimama vyote kimo kimoja kama mahindi yaliyokosa mvua, yale ambayo unapita wiki baada ya wiki na yako kwenye goti tu, mpaka unaacha kupita upande huo.

"Sasa nimeona," nikasema.

Alinipa mwezi mmoja. Kama kijiti kingine hakitarefuka, ataandika barua twende hospitali kubwa mjini, alazwe. Aliniambia kwa maneno ya kawaida, bila kutazama ile picha ya ukutani, nisage njugu au ndengu nitie ndani ya uji, uji uwe mzito mpaka ukikaa kwenye kijiko hauanguki, na tone la mafuta, na yai kama kuku ametaga, na nimlishe mara tano hata kama halilii. Hapo kwa halilii alinitazama. "Mtoto mwenye njaa ya siku nyingi halii," akasema.

Mwezi huo sikwenda mwethya. Jirani alileta njugu zake za mbegu. Nilimkataza, akaniambia, "Nyamaza, mwaitu, wewe saga." Siku za kwanza mtoto alifunga mdomo. Niliweka kidole, nikabembeleza, nikamwimbia, nikalia, akameza kidogo na kutema kingi. Sikujua kama ninafanya vizuri. Niliamka na kumpima kwa mikono yangu, halafu sikujua kama ni yeye amekuwa mzito au ni mimi nimechoka. Siku moja, nafikiri ilikuwa wiki ya tatu, nilichelewa na uji kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, na kutoka kwenye mkeka nikasikia kelele. Alikuwa analia kwa hasira, amekunja ngumi. Nilisimama na mwiko mkononi nikamwacha alie kidogo zaidi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilitaka kusikia.

Kijiti kilirefuka. Sista mwenyewe alikichora mbele yangu, akanionyesha kwa kidole jinsi kinavyompita mwenzake. Barua haikuandikwa. Baadaye alichora vijiti hivyo kwenye katoni kubwa akaibandika ukutani karibu na ile picha ya samaki, na ilisaidia wengi, ingawa mama mmoja kutoka Kola aliitazama asubuhi nzima na mwishoni akauliza kama vile vijiti kumi na viwili ndivyo idadi ya watoto anaotakiwa kuzaa. Sista akaja kuniuliza mimi afanye nini na huyo. Nilimwambia amuulize kwanza yeye anaona nini.

Lakini nukta zenyewe, zikiunganishwa, ziliendelea kunisumbua. Kila mwezi mstari ulipokwenda juu mdomo wangu ulisema asante na mimi niliogopa. Niliona udongo unakwenda mtoni. Sikumwambia sista.

Binti yangu alikuja likizo ya kiwanda mtoto akiwa na mwaka na miezi miwili. Kabla ya kuweka mfuko chini aliomba kadi. Yeye alisoma mpaka kidato cha pili, aliiona mara moja tu, bila vijiti.

"Mama, hapa kulikuwa na nini?"

Ningeweza kusema homa. Jirani alikuwa ameketi hapo na alinikodolea macho ili niseme homa. Nikamweleza yote, mlima na pimamaji na uji. Nilipofika kwenye mikono miwili na watoto wawili, alikuwa ameshamchukua mtoto kifuani na kunipa mgongo.

Alikaa siku tatu. Hakunigombeza. Mimi nilifua nguo zote za mtoto nikazikunja, kwa sababu nilijua ataondoka naye, na sikujua huko angemwacha na nani. Siku ya kuondoka akakuta zile nguo zimefungwa mlangoni.

"Hizi ni za nini?"

"Za mtoto. Za safari."

Akazitazama, akanitazama mimi. Akafungua lile furushi, akarudisha nguo moja moja kwenye kamba ya ndani, bila haraka, mpaka nikafikiri basi litampita. Halafu akasema, "Mama, leo amekula nini?"

Nikamwambia: uji wa ndengu asubuhi, yai nusu, saa nne viazi na maziwa ya jirani.

"Na ile nusu nyingine ya yai?"

"Alikataa. Nimekula mimi."

Akatikisa kichwa, akachukua mfuko wake, akaenda. Tangu hapo kila alipokuja alianza na hilo swali kabla ya salamu, na kadi hakuiomba tena, ikakaa kwenye karatasi yake ya nailoni. Mimi nilimjibu kila mara, kijiko kwa kijiko, nikiwa nimesimama. Sijui alikuwa ananiamini au ananichunga. Nilitaka kumwuliza miaka mingi. Mtoto alikuwa anatembea kati yetu, mzito, anavunja vikombe.